Kikwapa si harufu tu: acheni kusema Kiswahili hakina neno

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu. Kazi zilinibana, na hata nilipopata nafasi sikuwa na la maana la kuwaambia. Leo ninalo. Nawatahadharisha mapema kwamba naandika nikiwa nimekasirika kidogo, kwa hivyo mtaniwia radhi nikipaza sauti.

Juma lililopita nilikaa katika mkutano wa watu wanaotengeneza programu za kompyuta. Tulikuwa tukijadili kama inafaa kutafsiri programu za kazi za ufundi kwa Kiswahili. Sizungumzii programu za kuandikia barua wala za kutazamia picha. Nazungumzia zile ambazo seremala, mshonaji au mchomeleaji vyuma anaweza kuzitumia kupigia hesabu kazi yake. Kijana mmoja, msomi na mwandishi hodari wa programu, akasema hivi: "Kiswahili kinafaa kwa vitu vikubwa. Ukuta, paa, mlango. Lakini ukifika kwenye viungo, kwenye vitu vidogo vidogo, kinakwama." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza.

Nilirudi nyumbani nimejichukia kwa kule kunyamaza, kwa sababu neno nilikuwa nalo, tena nililipata kwa gharama. Neno lenyewe ni kikwapa.

Najua umecheka. Cheka umalize, kisha turudi kazini.

Kitu ninachokizungumzia ni kipande kidogo, mara nyingi cha mraba au cha pembetatu, kinachotiwa mahali ambapo vipande viwili vikubwa vinakutana. Kinatiwa ama ili pale mahali pasiraruke, ama ili pasipinde, ama ili pasibaki wazi. Waingereza hukiita gusset, na neno hilo hilo wanalitumia kwa shati, kwa vazi la chuma la mashujaa wa zamani na kwa daraja. Ukiliona katika kitabu cha ushonaji na ukaliona tena katika ripoti ya uhandisi, usidhani ni makosa ya uchapaji. Ni kitu kile kile.

Sasa hebu niwaambie nililipata wapi neno la kwetu.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi na karakana moja ya vyuma. Siitaji jina kwa sababu kosa lilikuwa langu kuliko lao. Walikuwa wakitengeneza kenchi, yaani zile fremu za pembetatu zinazobeba paa. Walitaka programu ndogo: unaingiza upana wa jengo, aina ya bati, na umbali kati ya kenchi moja na nyingine, nayo inakutolea orodha ya kila kitu kinachotakiwa kukatwa. Wakasisitiza orodha iwe ya Kiswahili. Mama aliyetunza stoo na vijana waliokata vyuma walifanya kazi kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, na hawakuona sababu ya kubadili lugha kwa ajili ya kompyuta.

Nikatafsiri. Chuma cha pembe, boliti, nati, bati, misumari ya bati, rangi. Nilipofika kwenye gusset nikafungua kamusi ndogo niliyokuwa nayo, sikupata kitu. Saa zilikuwa zimekwenda. Nikaliacha neno la Kiingereza kama lilivyo, nikajiambia kwamba watajua tu.

Hawakujua. Orodha ya kwanza kubwa ilikuwa ya paa la darasa la shule ya msingi. Ule mstari mmoja ukatoka katikati ya mistari ya Kiswahili kama mgeni asiyealikwa. Mama wa stoo akadhani ni takataka za programu, na hakukosea kudhani hivyo, maana programu yangu ilikuwa na tabia ya kutoa takataka. Akaukata kwa kalamu. Vyuma vikakatwa, vikapigwa rangi, vikapakiwa kwenye lori. Vilivyokosekana ni vile vibamba vinavyoshika chuma kimoja na kingine pale vinapokutana.

Kesho yake jioni nikapigiwa simu na fundi aliyekuwa kwenye jengo. Mtu mzima, sauti ya upole. Akaniuliza, "Kijana wangu, hizi kenchi zenu zinashikwa na nini? Na maombi?"

Nashukuru alikuwa fundi wa kuuliza. Fundi mwenye haraka angechomelea ncha kwa ncha, akapanda juu, akapiga bati, akalipwa akaenda zake. Na paa lingekaa. Lingekaa mwezi, pengine miaka, mpaka siku ya upepo mkali, na chini yake pangekuwa na watoto wameinamia madaftari. Vibamba vilikatwa na kupelekwa, hakuna aliyeumia, na kwa sababu hakuna aliyeumia hakuna aliyeandika habari hiyo popote. Naiandika mimi, kwa sababu ule mstari niliuacha mimi.

Miezi kadhaa baadaye nikaalikwa arusi Mombasa, nikaambiwa nivae kanzu. Mimi ni mtu wa bara, kanzu sina mazoea nayo. Nikapelekwa kwa mzee mmoja mshonaji huko Mji wa Kale. Akanipima mabega, akanipima urefu, akaniambia niinue mikono. Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Wewe kikwapa chako kikubwa."

Nikashusha mikono haraka sana. Nikaanza kumweleza kwamba nimetoka safari, kwamba basi lilikuwa na joto. Yule mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Si harufu, mwanangu. Kitambaa!"

Akanionyesha kanzu iliyokuwa mezani, nusu imeshonwa. Hizi hapa badani, ya mbele na ya nyuma. Hizi taharizi, vipande virefu vinavyokwenda ubavuni kuanzia chini ya kwapa. Na hiki hapa, kipande kidogo kinachokaa pale pale mkono unapokutana na ubavu, ni kikwapa. Nikakigeuza mkononi nikakitambua. Kilikuwa kile kipande changu cha kenchi, kimeshonwa badala ya kuchomelewa. Wakati natafuta kwenye kamusi na kukosa, yeye alikuwa akilitumia neno hilo kila siku kazini kwake.

Hebu tuangalie kinafanya nini, kwa sababu wengi tunavaa nguo bila kujiuliza.

Kanzu ya kukatwa kizamani ni vipande vilivyonyooka. Badani imenyooka, mkono umenyooka. Ni ukataji wa mtu asiyetaka kupoteza kitambaa, na una akili sana. Lakini una tatizo moja. Mkono ulionyooka ukishonwa kwenye mwili ulionyooka, mshono wa mkono na mshono wa ubavu vinakutana kwenye nukta moja, chini ya kwapa. Ukiinua mkono kushika kitu rafuni, nguvu yote inakwenda kwenye nukta hiyo. Ama kanzu nzima inapanda juu nawe, ama uzi unakatika.

Dawa yake ni kuiondoa ile nukta. Unaukata mshono pale, unatia kipande cha mraba, na unakigeuza ili kikae hanamu. Kwa nini hanamu? Chukua leso ujaribu. Ivute kwa pande zake zilizonyooka, yaani kufuata nyuzi za mtande au za mshindio: haivutiki. Sasa ivute kwa pembe mbili zinazotazamana: inarefuka. Vile vijumba vidogo vya mraba kati ya nyuzi vinalala upande, na kitambaa kinapata nafasi ambayo hakikuwa nayo. Kwa hivyo kikwapa kinafanya kazi mbili kwa mpigo. Kinauachia mkono nafasi ya kusogea, na ile nguvu iliyokuwa inagonga nukta moja kinaigawa kwenye pande zake nne.

Suruali nayo hivyo hivyo. Mishono minne inakutana msambani, na ndipo zinapopasukia. Suruali za judo na karate hutiwa kipande pale, kwa sababu mtu anayepiga teke la juu au kupiga msamba hawezi kuiomba suruali ruhusa kwanza.

Kwenye chuma kazi yake inageuka. Nguo inahitaji kikwapa ili isogee, chuma kinakihitaji ili kisisogee. Tengeneza fremu ya pande nne, kama ya geti, kisha isukume kwa pembe ya juu: inalala upande, kwa sababu umbo la pande nne linaweza kubadili pembe zake bila chuma chochote kurefuka au kufupika. Pembetatu haiwezi. Ndiyo maana mchomeleaji mwenye akili hutia kibamba cha pembetatu kwenye kila kona ya geti, na asiyetia utamjua baada ya mwaka, geti linapoanza kukwaruza sakafu. Kwenye kenchi, vyuma vinne au vitano vinakuja kukutana mahali pamoja, kimoja kinavuta na kingine kinasukuma. Bila kibamba vinashikwa na mstari mwembamba wa kuchomelea. Kikiwepo kibamba, kila chuma kinapata nafasi ya kukipa jirani yake mzigo kwa eneo zima lenye boliti au weldi ya kutosha.

Tofauti hiyo naikubali, lakini ona kinachobaki sawa. Ni mahali pale pale, penye makutano. Na nguvu ni ile ile, inayotaka kukusanyika kwenye nukta. Dawa pia ni moja: kipande kidogo kinachoitawanya.

Haya, sasa nije kwa wale wanaosema kikwapa ni neno la aibu, neno la jasho, haliwezi kukaa kwenye mchoro wa mhandisi.

Neno la Kiingereza lilitoka Ufaransa, kwenye neno gousset. Na gousset maana yake ilikuwa nini? Kwa Kifaransa cha zamani lilitumika kwa lile shimo la kwapani. Lilitumika pia kwa harufu ya kwapani: mtu aliyenuka jasho walisema ananuka gousset. Ndiyo, umesoma vizuri. Harufu ya kwapa, kitambaa cha kwapa na chuma cha kwapa, yote kwa neno moja, sawasawa na kikwapa chetu. Wahandisi wa Ufaransa mpaka leo wanaandika gousset kwenye michoro ya madaraja na hakuna anayeziba pua.

Chuma cha kwapa nacho kina historia yake. Ulaya katika karne ya 15, shujaa mwenye pesa alivaa vazi la mabamba ya chuma. Bamba halipindi. Kwapani na kwenye kiwiko kwa ndani ilibidi paachwe wazi, la sivyo mtu asingeweza kuinua upanga. Adui alijua, na alikuwa na jambia jembamba la kazi hiyo hiyo. Kwa hivyo chini ya mabamba walivaa koti nene, na kwenye koti hilo vikashonwa vipande vya wavu wa pete za chuma, kwapani na kwenye kiwiko. Kuna maandishi ya Kiingereza ya karne hiyo ya 15 yanayoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kumvika mtu silaha, na vipande hivyo vimetajwa humo kwa jina, na mahali pa kuvishona pametajwa.

Ilikuwepo pia njia ya kuepuka vipande hivyo kabisa. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alitengenezewa mwaka 1520 vazi la kupigania kwa miguu lililofunika mwili mzima kwa mabamba yanayoteleza juu ya mengine, bila pengo. Vazi hilo lipo hadi leo, na lina uzito wa zaidi ya kilo 40. Ukiwa mfalme unaweza kuajiri mafundi wakutengenezee kiungo kisichohitaji kikwapa. Sisi wengine tushone kikwapa.

Na Kiswahili kuhamisha neno kutoka kazi moja hadi nyingine si jambo geni. Taruma ni ule mti unaotiwa ndani ya chombo cha baharini kukaza mbao zake. Reli ilipokuja, watu walihitaji jina la yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya reli, wakayaita mataruma. Leo yanatengenezwa kwa zege na bado ni mataruma, na sijasikia mtu akilalamika kwamba hilo ni neno la majahazi. Sisi wa kompyuta nasi tumekopa. Dirisha tumelitoa kwenye nyumba na kiraka tumekitoa kwa mshonaji. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, wakati watu wengi walikuwa wakisema haiwezekani. Kama kiraka kimeweza kuingia kwenye kompyuta, kwa nini kikwapa kisiweze kuingia kwenye karakana?

Hapa najua kuna msomaji anayesema: ndugu, hayo ni mambo ya maneno tu, kuna ubaya gani tukiliacha la Kiingereza?

Ubaya ni huu. Kipande kisicho na jina hakihesabiwi. Hakiingii kwenye orodha, hakinunuliwi, hakikaguliwi. Na viungo ndivyo vitu ambavyo binadamu, hata msomi, husahau kuvihesabu.

Tarehe 1 Agosti 2007, jioni watu wakitoka kazini, daraja la barabara kuu ya I-35W juu ya mto Mississippi, katika jiji la Minneapolis nchini Marekani, lilianguka. Lilikuwa na magari 111 kwenye sehemu iliyoanguka. Watu 13 walikufa na 145 wakaumia. Daraja lilikuwa limefunguliwa mwaka 1967, miaka 40 kabla. Wachunguzi wa serikali walipomaliza kazi mwaka 2008, walisema chanzo ni vile vibamba vya kwenye viungo. Pale palipoanzia kuvunjika, vibamba vilikuwa na unene wa nusu inchi, kama milimita 13, na hiyo ni kama nusu ya unene uliotakiwa. Kosa lilifanyika kwenye hesabu za mwanzo za usanifu, kisha likakaa pale kimya. Kwa miaka iliyofuata daraja liliongezwa uzito kwa matengenezo, na siku ile palikuwa na lundo la vifaa vya ujenzi, mchanga na kokoto, juu ya sehemu ile ile dhaifu.

Miaka 40, na hakuna aliyegundua? Sikiliza sasa, kwa maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Daraja lilikuwa likikaguliwa. Lilipigiwa hesabu zaidi ya mara moja kuona linaweza kubeba uzito gani. Lakini hesabu hizo zilikuwa za mihimili. Vibamba havikuingizwa, kwa sababu ilikuwa kawaida kudhani kwamba kiungo kina nguvu kuliko vile kinavyoviunga. Kulikuwa na picha za mwaka 1999 na za 2003 zinazoonyesha vibamba hivyo vimekwisha kupinda. Picha zilikuwepo, macho yalikuwepo, lakini kwenye hesabu hapakuwa na mstari wake. Mwaka 2009 ndipo serikali ya Marekani ikatoa mwongozo wa kuvipigia hesabu vibamba vya madaraja ya aina hiyo.

Yule kijana wa mkutanoni akisoma hapa atasema, "Unaona? Wamarekani neno walikuwa nalo na daraja likaanguka." Kweli kabisa, na simbishii. Kuwa na neno hakutoshi. Lakini ukiwa na neno unaweza kuuliza, "Mbona sioni vikwapa kwenye orodha hii?" Bila neno, swali lenyewe halisemeki. Yule fundi wangu wa simu aliuliza, lakini ilimbidi azunguke: "zinashikwa na nini?" Alibahatika kuwa juu ya ngazi wakati anauliza. Mama wa stoo, ambaye angeweza kulizuia kosa mapema kabla lori halijaondoka, hakuwa na neno la kuulizia, kwa sababu mimi nilimnyima.

Wanaprogramu wenzangu, msidhani nawasema mafundi peke yao. Sisi ndio wabaya zaidi. Sehemu hii ya programu ameiandika fulani, anaijua, ameijaribu. Sehemu ile ameiandika mwingine, ameijaribu. Pale zinapokutana pana nani? Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha angani cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi. Programu moja ya ardhini ilitoa vipimo vya msukumo kwa mfumo wa ratili za Kiingereza, na programu iliyovipokea ilidhani ni vya mfumo wa mita na nyutoni. Tofauti yake ni zaidi ya mara 4. Chombo kilichotakiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari kilikadiriwa kupita kilomita 57 tu. Kila programu ilikuwa ikifanya kazi yake. Ilikosekana hatua ndogo pale katikati ya kuangalia kipimo kabla hakijapita.

Nyumbani hatuhitaji kwenda Mirihi. Ujumbe wa malipo ukifika mara mbili, mfumo wako unamtoza mteja mara mbili? Jina lenye ng' likitoka kwenye fomu kwenda kwenye hifadhidata, ile alama inafika salama? Mtandao ukikatika katikati ya kazi, nani anakumbuka palipofikiwa? Kwenye mipango yetu ya kazi tunaandika "fomu, siku 3, ripoti, siku 2". Sijaona mpango wenye mstari unaosema "mahali fomu inapokutana na ripoti, siku 1". Ndiyo siku inayokatwa kwanza, kama vile kiwanda cha nguo za bei rahisi kinavyokata kikwapa cha suruali. Akiba inaonekana leo, kupasuka ni kwa mwingine, baadaye, mbele za watu.

Nimesikia pingamizi nyingine mbili, nizijibu nimalize.

Ya kwanza: mitihani ni ya Kiingereza, kwa hivyo fundi atakayesoma atachanganyikiwa. Hapana. Anayekwenda mtihanini na ajifunze neno la mtihani, tena alijue vizuri. Lakini anayekata chuma hayuko mtihanini. Andika yote mawili kwenye orodha ukitaka, la kazini mbele, la mtihani nyuma.

Ya pili: mbona tusiseme tu gaseti, au pleti kama wanavyosema karakana nyingi? Hii ina uzito. Kama kazini kwenu mnasema gaseti na kila mtu anakijua kitu, endeleeni, sina ugomvi nanyi, neno limeshapata kazi. Pleti ndiyo inayonisumbua. Pleti ni bamba lolote, la chini ya nguzo, la mlangoni, hata sahani ya wali. Haikuambii linakaa wapi wala linafanya nini. Kikwapa cha chuma kinakuambia vyote viwili, hata kama hujawahi kuingia karakana, kwa sababu mwili wako mwenyewe unao mfano. Inua mkono uone.

Kwa hivyo ombi langu kwa watafsiri na waandishi wa programu ni fupi. Kabla hujaandika "hakuna neno", funga kamusi uende kwa mtu anayekishika kitu chenyewe. Nenda kwa mshonaji, nenda kwa mjenzi wa mashua, nenda kwa anayetengeneza viti. Muulize anakiitaje, na usimsahihishe. Kisha rudi ukaangalie orodha yako, uone kama viungo vimo.

Mimi niliirudia programu ya ile karakana, bila kulipwa, na ilikuwa haki nisilipwe. Ule mstari sasa unasoma "Kikwapa cha chuma", na mbele yake idadi na unene. Nilipompelekea mama wa stoo orodha mpya aliisoma mpaka pale, akanitazama, akacheka kama ulivyocheka wewe mwanzoni. "Wewe mtoto una mambo." Halafu akachukua kalamu, ile ile aliyokuwa amekatia mstari wangu wa kwanza, akaenda rafuni akavihesabu. Vilikuwa vimepungua vinne. Akaagiza.

Haya, niliyokuwa nayo ni hayo. Kama wewe ni fundi na una neno bora kuliko hili, nitumie. Nitalitia kwenye programu na nitakiri hapa hapa kwamba nimekosea. Mpaka wakati mwingine, angalieni viungo vyenu.